Kebo, Nyaya na Sauti ya Msemaji: Mwalimu wa Lugha Ajue Nini?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, bila ya kuingia sana katika uhandisi, jinsi kebo za sauti zinavyotengenezwa na jinsi utengenezaji huo unavyoathiri sauti tunayoisikiliza darasani na tunayoirekodi uwandani. Huenda baadhi ya wasomaji wakajiuliza jarida la idara ya Kiswahili linatafuta nini katika mambo ya nyaya. Jibu ni rahisi. Sauti ndiyo malighafi yetu. Mwalimu wa fonetiki, mtafiti wa fasihi simulizi na mwalimu anayesimamia mtihani wa kusikiliza, wote hutegemea sauti iliyopita katika waya kabla ya kufika sikioni. Ikiharibikia njiani, hakuna uchambuzi wa kitaalamu utakaoirudisha.

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa uzamili alirudi kutoka uwandani akiwa na mahojiano ya zaidi ya saa sita aliyofanya na wazee wanne. Alipoyafungua kwenye kompyuta, chini ya kila neno ulikuwapo mvumo, mfano wa nyuki ndani ya mzinga. Maikrofoni ilikuwa nzuri na kinasa sauti kilikuwa kipya. Kilichomwangusha ni kebo nyembamba ya mita tano, isiyo na ngao, aliyouziwa pamoja na maikrofoni hiyo. Mzee mmoja kati ya wale wanne alikuwa amekwisha kufariki dunia, hivyo hapakuwa na njia ya kurudia mahojiano yake. Kwa upande wa pili, wapo wauzaji wa mjini wanaowashawishi wakuu wa shule wanunue kebo zenye ncha za dhahabu kwa bei inayokaribia ya spika yenyewe, wakidai kwamba "sauti itakuwa safi zaidi". Mwalimu anahitaji kujua ni wakati gani kebo inaharibu sauti kweli na ni wakati gani anauziwa maneno.

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi, maana hapa Kiswahili kina mitego yake. "Kipaza sauti" hutumiwa na wengine kwa maana ya kifaa kinachopokea sauti mdomoni, na wengine kwa kile kinachoitoa kwa nguvu. Ili tusichanganyane, hapa nitaita cha kwanza maikrofoni na cha pili spika. Waya ni uzi mmoja wa madini unaopitisha umeme. Kebo ni nyaya mbili au zaidi zilizofungwa pamoja ndani ya ganda moja. Madini yanayopitisha umeme nitayaita kipitishi, kwa sababu neno kondakta limeshapanda basi na sioni dalili kwamba litashuka. Plastiki au mpira unaouzuia umeme usitoke nje ya waya ni kihami. Na walimu wa sarufi watapenda kukumbuka kwamba waya, neno la mkopo, limejipatia wingi wa nyaya kwa kuiga wayo na nyayo. Neno limeingia kama mgeni likapangiwa chumba katika ngeli ya U-ZI.

Sauti ikiwa ndani ya waya

Mtu anapozungumza mbele ya maikrofoni, mawimbi ya hewa hugeuzwa kuwa umeme unaokwenda na kurudi kwa kufuata mtikisiko wa sauti yake. Umeme huo ni mdogo mno. Maikrofoni ya kawaida ya mkononi hutoa takriban milivolti moja au mbili. Lakini spika inayopokea wati 10, ikiwa na ukinzani wa omu 8, huwa na karibu volti 9 kwenye nyaya zake. Yaani umeme ulio katika kebo ya spika unaweza kuwa maelfu ya mara ya ule ulio katika kebo ya maikrofoni. Ukilielewa jambo hili moja, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe.

Kila ukuta wa jengo letu una nyaya za umeme wa taa na soketi. Umeme huo hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na hutawanya mawimbi yake pembeni. Kebo ya spika huyapata mawimbi hayo, lakini ni kama mtu anayenong'ona kando ya ngoma, hakuna atakayemsikia. Kebo ya maikrofoni ikiyapata, mnong'ono umekutana na mnong'ono mwenzake. Kisha amplifaya huvikuza vyote viwili pamoja, sauti ya mzee na mvumo wa ukutani, bila kujua kipi ni kipi. Ndiyo maana kebo ya spika haihitaji ngao, na kebo ya maikrofoni haiwezi kuishi bila ngao.

Kwa mtafiti wa lugha mvumo huo si kero ya masikio tu. Mvumo wa hezi 50 huja na wanawe, wa hezi 100, 150 na kuendelea. Sauti ya msingi ya mwanamume mtu mzima huwa katika eneo hilohilo, kwa kawaida kati ya hezi 100 na 150. Mwanafunzi anayetumia programu ya Praat kuchunguza kiimbo ataona mstari wa lami ukitulia kwenye hezi 100 hata pale msemaji aliponyamaza. Programu inapima umeme wa jengo! Hali kadhalika, mngurumo mdogo unaotangulia kupasuka kwa sauti zenye ghuna, ule unaotusaidia kulinganisha buzi na mbuzi, au dege na ndege, umo katika masafa ya chini yanayofunikwa na mvumo. Anayeandika tasnifu kuhusu vipasuo vya Kiswahili vya aina hii asishangae matokeo yake yakimkataa.

Kusokota na kusuka

Dawa ya mvumo imo katika namna kebo ilivyojengwa, na hapa Kiswahili kina hazina ya maneno kutoka kwa wasokota kamba na wasuka mikeka. Ukichana kebo nzuri ya maikrofoni utakuta nyaya mbili zilizosokotwa moja juu ya nyingine kama kamba. Juu yake kuna ngao ya shaba iliyosukwa mithili ya ukili, na juu ya ngao kuna ganda la mpira au plastiki. Mara nyingi utakuta pia nyuzi za pamba zilizojazwa katikati, nazo zina kazi yake, nitaieleza.

Kusokota ni ugunduzi wa zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya kusokota nyaya mbili za simu. Hoja yake ni hii. Nyaya mbili zikikaa sambamba, moja itakuwa karibu zaidi na chanzo cha kelele na itapokea kelele nyingi kuliko mwenzake. Zikisokotwa, kila waya hupata zamu yake ya kuwa karibu na zamu yake ya kuwa mbali, hivyo mwishoni zote mbili zinakuwa zimebeba kelele sawasawa. Sasa ikiwa sauti ya msemaji imepelekwa kwa nyaya hizo mbili kinyumenyume, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, kifaa cha kupokea hutafuta tofauti kati yao. Kelele iliyo sawa katika nyaya zote mbili hujifuta, na sauti, ambayo ni kinyume, hubaki. Mtindo huu huitwa kebo yenye mizani. Huitambua kwa plagi yake kubwa ya duara yenye pini tatu: mbili za sauti na moja ya ngao.

Kebo isiyo na mizani ina waya mmoja tu katikati, na ngao yenyewe ndiyo inayotumika kama njia ya kurudia. Kelele yoyote inayopita katika ngao inakuwa sehemu ya sauti. Kwa umbali wa mita moja au mbili, kati ya kompyuta na amplifaya iliyo juu ya meza ileile, hakuna ubaya. Kwa maikrofoni iliyo mbali ni kujitafutia balaa. Ipo pia kebo yenye nyaya nne zilizosokotwa pamoja badala ya mbili, ambayo huukinga mvumo wa umeme vizuri zaidi. Nyaya zinazokabiliana huunganishwa jozi kwa jozi, na mahali pa kila jozi katika msokoto panakuwa kana kwamba ni mamoja. Wanaorekodi karibu na jenereta au taa za jukwaani wangefanya vyema kuitafuta.

Ngao nayo ina aina zake. Iliyosukwa ina nguvu na hustahimili kukunjwa, ingawa matundu madogo kati ya nyuzi hayakosekani. Iliyozungushwa tu, yaani nyuzi zimeviringishwa upande mmoja bila kusukwa, ni laini na ya bei nafuu, lakini kebo ikikunjwa mara nyingi nyuzi huachana na ngao hufunguka kama ukili uliochoka. Ya tatu ni karatasi ya alumini, ambayo hufunika kila mahali, lakini hupasuka ikipindwapindwa. Hii ni ya kulala ndani ya ukuta. Mtafiti anayekunja na kukunjua kebo yake kila kijiji anahitaji ile iliyosukwa, na hapo sina la kuongeza.

Sasa zile nyuzi za pamba. Kebo inapoburutwa sakafuni au kugongwa na mguu wa kiti, vihami na ngao husuguana ndani kwa ndani, na msuguano huzalisha umeme mdogo. Kwa kuwa umeme wa maikrofoni ni mdogo vilevile, msuguano huo husikika kama mkwaruzo au kishindo. Pamba huzishika nyaya zisichezecheze. Kuna rekodi nyingi za ngano na nyimbo ambamo tunasikia "ngurumo" ambazo mwandishi wa maelezo amezidhania kuwa ni upepo au miguu ya watoto, kumbe ni kebo iliyokuwa ikisogezwa.

Inakopotelea "s"

Ziko kebo zinazoongeza kelele, na ziko zinazokula sauti. Kila kebo ina nyaya mbili za madini zilizotenganishwa na kihami, na mpangilio huo huhifadhi chaji kidogo ya umeme. Wanafizikia huuita uwezo huo kapasitansi. Kebo ya kawaida yenye ngao huwa na takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kihami cha polithini hupunguza kiasi hicho, cha PVC hukiongeza. Kapasitansi hufanya kazi kama mlango wa pembeni: masafa ya chini hayauoni, lakini masafa ya juu hutorokea humo kabla ya kufika mwisho wa safari.

Je, hasara hiyo husikika? Inategemea chanzo cha sauti. Maikrofoni ya kisasa yenye impedansi ya omu 200, ikiwa na kebo ya mita 10, huanza kupoteza masafa ya juu kwenye takriban kilohezi 800, mbali kabisa na sikio la binadamu ambalo mwisho wake ni kilohezi 20. Hapo hakuna hasara yoyote. Lakini zipo maikrofoni za zamani zenye impedansi ya omu 50,000, zile zinazochomekwa moja kwa moja kwa jeki ya milimita 6.3, na baadhi yake bado zimo makabatini mwa shule. Ukiiunganisha maikrofoni ya namna hiyo na kebo ileile ya mita 10, upotevu huanza kwenye kilohezi 3.2 hivi.

Mwalimu wa fonetiki atashtuka kuiona tarakimu hiyo. Nguvu kubwa ya "s" iko juu ya kilohezi 4. Ile ya "sh" huanza chini kidogo, kwenye kilohezi 2.5 au 3. Sauti "th" na "f" ni dhaifu tangu mwanzo na zimetawanyika katika masafa ya juu. Ukikata kuanzia kilohezi 3.2, irabu zote zitabaki na maneno mengi yataeleweka kwa muktadha, ila tofauti kati ya samani na thamani, zana na dhana, au sina na shina itakuwa imefifia. Simu za mezani za zamani zilipitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ndiyo maana hadi leo tumezoea kutaja herufi za jina kwa kusema "S ya Sara, F ya Fatuma". Mzungumzaji mzoefu wa Kiswahili huziba pengo hilo akilini mwake. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwamba dh si z, hana cha kuzibia. Anapoandika "zamani" mahali pa "dhamani", kisha akaambiwa kwamba hata "dhamani" si neno bali ni thamani, atajilaumu yeye na ulimi wake wa nyumbani, ilhali huenda sauti hiyo haikumfikia kabisa.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko redio. Kebo ya kwanza ya simu ya maandishi kuvuka bahari ya Atlantiki, mwaka 1858, ilikuwa na tatizo hilohilo kwa kiwango cha kutisha. Salamu za Malkia Victoria zenye maneno 98 zilichukua takriban saa 16 kupita, na baada ya wiki chache kebo ikafa. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameeleza kwamba urefu mkubwa pamoja na uhifadhi wa chaji katika kihami huzitandaza alama hadi zinapandana. Aidha, alipima shaba ya viwanda mbalimbali akakuta imetofautiana sana katika kupitisha umeme, akasisitiza itumike iliyo safi. Ujuzi huo ulisaidia kebo zilizofuata, ikiwamo ile iliyotandazwa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Durban kupitia Zanzibar na Msumbiji, iliyoufungulia mwambao wa Waswahili mawasiliano ya haraka na ng'ambo. Kwa maelfu ya kilomita, usafi wa shaba ulikuwa jambo la kufa na kupona. Tatizo letu la leo ni wafanyabiashara wanaotaka tuamini kwamba ni hivyo pia kwa mita tatu.

Spika na unene wa waya

Katika kebo ya spika mambo hugeuka. Hapa mkondo wa umeme ni mkubwa, na ukinzani wa waya ndio unaohesabika. Tuchukue darasa ambalo amplifaya iko mbele na spika iko nyuma, mita 15. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo tuhesabu mita 30. Waya wa shaba wenye eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0172 kwa mita. Wengi huchukua ule mwembamba wa mapacha, wenye milimita za mraba 0.5, kwa sababu ni rahisi na huuzwa kila duka. Kwa mita 30 utakuwa na ukinzani wa omu 1.03. Spika ikiwa ya omu 8, karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ambayo ingeifikia haitaifikia. Ikiwa ya omu 4, hasara inazidi theluthi. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule unaotumika kwa soketi za nyumbani, hupunguza hasara kwa spika ya omu 8 hadi asilimia 5 tu.

Ni vema pia kujua kwamba ukinzani huo haupunguzi sauti kwa usawa. Impedansi ya spika hupanda na kushuka kulingana na masafa, na pale iliposhuka ndipo waya mwembamba unapokula zaidi. Hivyo wanafunzi wa viti vya nyuma wanaosikiliza spika yao hawapati sauti ndogo tu, bali hupata sauti iliyobadilika rangi. Ushauri unaotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya wote usizidi asilimia 5 ya impedansi ya spika. Kwa darasa letu la mita 15, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Ni waya wa taa wa kawaida, na fundi yeyote anao. Angalizo: usiufunge plagi ya ukutani hata kwa utani, kwani siku moja mtu atauchomeka kwenye umeme.

Tahadhari kubwa sokoni ni waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Kwa macho ni shaba tupu. Lakini kwa unene uleule hupitisha takriban asilimia 63 hadi 65 tu ya kile ambacho shaba ingepitisha, na hukatika upesi unapopindwa. Kwangua nyuzi chache kwa wembe. Zikiwa nyeupe ndani, umeuziwa alumini. Uzito wake nao ni mdogo kuliko ulivyotarajia. Waya huu hauna dhambi ukiuzwa kwa jina lake na bei yake, na ukinunua mnene zaidi utafanya kazi. Kosa ni kuuita shaba.

Shaba, fedha na dhahabu

Sasa tufike kwenye madai ya wauzaji. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, ni kweli, lakini kwa takriban asilimia 6 tu. Faida hiyohiyo utaipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo. "Shaba isiyo na oksijeni" nayo husifiwa mno. Shaba ya kawaida ya nyaya ina oksijeni kidogo sana, sehemu za mia za asilimia, na tofauti ya upitishaji kati ya hizo mbili haizidi kama asilimia moja. Sikio halina nafasi ya kuijua. Dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba! Thamani yake ni kwamba haipati kutu, kwa hiyo tabaka jembamba la dhahabu kwenye plagi lina maana katika sehemu zenye unyevu, kando ya ziwa au pwani, ambako plagi za kawaida huota ukungu wa kijani na kuanza kukwaruza. Lipa kidogo kwa hilo ukitaka, ila usilipe kwa "joto la sauti".

Wengine watakutajia tabia ya umeme wa masafa ya juu kupita karibu na ngozi ya waya. Tabia hiyo ipo. Lakini kwenye kilohezi 20, kina cha upitaji katika shaba ni karibu nusu milimita, na waya wa milimita za mraba 2.5 una kipenyo kisichofika milimita mbili. Athari ni ndogo, tena iko mahali ambapo hakuna konsonanti ya lugha yoyote. Nyuzi nyingi nyembamba badala ya waya mmoja mnene huchaguliwa kwa sababu ya ulaini. Waya mmoja mnene ni wa ukutani. Ukiukunja kila siku utavunjika. Na mishale inayochorwa juu ya kebo? Umeme wa sauti huenda na kurudi, hauna mbele wala nyuma. Katika baadhi ya kebo mshale huonyesha tu upande ambao ngao imeunganishwa.

Mwaka 2007 James Randi, Mmarekani maarufu kwa kufichua madai ya miujiza, alitangaza kwamba tuzo ya dola milioni moja ya taasisi yake ingetolewa kwa mtu atakayeweza, kwa kusikiliza tu, kutofautisha kebo za spika zilizouzwa kwa dola 7,250 na kebo nzuri za kawaida. Jaribio halikufanyika na tuzo haikutolewa kwa yeyote.

Yanayoharibika kweli

Kwa uzoefu wa maabara za lugha, kebo nyingi zinazolalamikiwa zimekufa kwenye maungio. Hedifoni hukatika pale waya unapoingia kwenye jeki, kwa sababu wanafunzi huivuta kwa kushika waya badala ya plagi. Sikio moja hunyamaza, au sauti huja na kukata. Mwanafunzi mwenye aibu hatasema, atamaliza mtihani akisikia nusu. Kabla ya mtihani wa kusikiliza, kila hedifoni ijaribiwe huku waya ukitikiswa karibu na jeki. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na risasi ataikata sehemu mbovu na kufunga jeki mpya kwa muda mfupi.

Mvumo mwingine hautokani na kebo bali na uunganishaji. Kompyuta ikiwa kwenye chaja na amplifaya ikiwa kwenye soketi nyingine, vyote vikiwa na waya wa ardhi, kebo ya sauti kati yao hukamilisha kitanzi ambacho umeme wa jengo huzunguka humo. Chomoa chaja uone. Mvumo ukikoma, umempata mchawi. Tumia betri wakati wa kurekodi, au chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Kamwe usikate waya wa ardhi ili kuondoa mvumo. Waya ule ndio unaomwokoa mtu kifaa kinapopata hitilafu.

Kwa wanaorekodi kwa simu ya mkononi au kwa maikrofoni ya USB, habari ni njema. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya maikrofoni yenyewe, na kebo ya USB hubeba tarakimu. Tarakimu ama zinafika ama hazifiki. Kebo mbovu itakata rekodi au kuleta mikatiko, lakini haiwezi kuifanya "s" iwe butu. Anayekuuzia kebo ya USB "yenye sauti tamu" mpe mkono mkaagane. Ila maikrofoni ndogo ya kubana kifuani, yenye waya mwembamba unaoingia kwenye tundu la hedifoni la simu, bado ni ya mtindo wa zamani, na yote tuliyosema kuhusu ngao yanaihusu. Ipitishe mbali na chaja, na usiiache simu iite karibu nayo.

Namna ya kukunja kebo pia ina kanuni. Wengi huizungushia kwenye kiwiko na kiganja, na kila mzunguko huongeza msokoto ambao kebo haikuumbwa nao. Ngao hufunguka polepole. Mafundi wa redio hukunja duara moja juu na la pili chini, kwa kupindua kiganja, ili misokoto ifutane. Kebo iliyokunjwa hivyo hurushwa sakafuni ikanyooka yenyewe bila fundo. Kisha ifungwe kwa kitambaa, si kwa fundo la kebo yenyewe. Kabla ya kuondoka kwenda uwandani, iunganishe na kinasa sauti, vaa hedifoni, nyamaza kimya kwa nusu dakika ukisikiliza, halafu uitikise kebo yote kwa mkono kutoka plagi hadi plagi, sehemu kwa sehemu.